Maduara ya Bluu ya Cheche

Ni mwaka mmoja sasa tangu kile kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni mwa karakana yako kigongwe na mkono usiokuwa wako. Wakati huo ulikuwa umelala kifudifudi kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani, hatua thelathini tu kutoka hapo, na kama ulikisikia hatujui. Dada yako anasema ulisikia. Anasema kidole chako kimoja kilicheza. Hatubishani naye.

Jina la Cheche ulipewa na mtaa, kwa sababu ya cheche za mashine yako ya kuchomelea vyuma zilizoruka mpaka barabarani. Akina mama walikuwa wakipita upande wa pili na watoto wao wakikugombeza: "Cheche, utatuunguzia watoto!" Nawe unainua ile kofia nyeusi ya kioo, unacheka meno yote nje. "Pita tu mama, leo nachomelea maji."

Ulikuwa fundi wa milango, magrili na mageti, na hukuweza kupita mbele ya geti ulilolitengeneza bila kulisukuma kidogo kusikiliza kama bawaba zinalia. Kichupa cha mafuta kilikaa mfuko wa shati siku zote. Hakuna shati lako lisilo na doa la mafuta upande wa moyo, na mkeo, aliyekuwa akilalamika kila siku ya kufua, ameyaacha mashati hayo na madoa yake. Chai yako uliinywa ikiwa imepoa kabisa. Vipimo uliviandika kwenye kiganja, kisha unanawa mikono, kisha unauliza nyumba nzima, "Jamani, nani anakumbuka nilisema sentimita ngapi?"

Dada yako ndiye aliyekuwa anakumbuka. Miguu yake haijambeba tangu homa ya utotoni, nawe ulimtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono, ukaibadilisha mara nne kadiri alivyokua. Alijifunza ushonaji katika chumba cha mbele, karakana yako ikiwa ubavuni mwa nyumba na mlango mmoja wa kupitia katikati. Mlifanya kazi hivyo miaka ishirini na mbili, wewe na nyundo, yeye na cherehani, mkitaniana kupitia mlango ule bila kuonana.

Wanaosoma hapa wanajua juu ya maduara. Wengi wamesikia upande mmoja tu, kwa hiyo tutaeleza tangu mwanzo, taratibu, kama ambavyo ungependa kazi ifanyike.

Mwaka wa mafuriko, mtaani kwetu aliishi fundi saa aliyepooza upande mmoja, peke yake. Waokoaji walikuja na boti. Walipita mbele ya mlango wake mara mbili, ukiwa umefungwa na kimya, wakaenda kwa waliokuwa wanapiga kelele juu ya mapaa. Siku ya tatu maji yalipopungua, wewe ndiye uliyevunja kitasa kwa nyundo. Alikuwa nyuma ya mlango. Mkono wake mzima ulikuwa umelishika komeo, vidole vimekakamaa, ikabidi uvifungue kimoja kimoja. Ubao wa mlango kwa ndani ulikuwa na mikwaruzo, na kucha mbili zilikuwa zimebaki humo.

Ulirudi nyumbani hukula. Ulikaa kwenye ngazi ya karakana ukamwambia dada yako, "Alikuwa anakwaruza. Watu wanapita nje na yeye anakwaruza. Hakuna aliyejua kama mle ndani kuna mtu."

Hapo ndipo daftari lilipoanza. Dada yako aliandika, kwa kuwa mwandiko wako, kwa maneno yake, ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Mlipita nyumba kwa nyumba mkauliza: nani hapa hawezi kutoka mwenyewe? Nani haoni, hasikii, hatembei, ni mzee mno, anaishi peke yake? Mlipata watu kumi na mmoja. Mbele ya kila jina mliandika majina ya wabebaji wawili, majirani wenye nguvu, na kila mbebaji alikubali kwa mdomo wake. Wewe ulitengeneza viti vya kubebea kwa mabomba na turubai. Yeye alishona mikanda ya kifuani. Kimbilio lilikuwa ghala la saruji mwisho wa mtaa, lenye kuta nene na milango ya chuma uliyoitengeneza mwenyewe. Ukatundika kipande cha reli: kikigongwa mara tatu, kila mbebaji aache alichoshika aende kwa mtu wake.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi, mlifanya mazoezi. Mkeo alishika saa. Mwalimu mstaafu, ambaye macho yake yalizimika zamani, alikuwa anakosoa mwendo: "Mguu wa kushoto! Nyie mnanibeba au mnanichekecha?" Watu walitoka ghalani weupe kwa vumbi la saruji, kila mmoja akimcheka mwenzake.

Bibi wa Kona alikuwa namba nne. Nyonga zake zilikuwa zimekufa ganzi, na ulikuwa mwaka wa tatu hajatoka kitandani. Yeye peke yake alikataa wabebaji wawili. "Mwanangu ananitosha," alisema, akimtazama mwanawe, muuza mkaa, kijana wa miraba minne. "Huyu anabeba magunia mawili ya mkaa kwa mpigo. Mimi hata nusu gunia sifiki."

"Bibi, taratibu inasema wawili," ulimwambia.

"Mjukuu wangu, taratibu imenizaa mimi au mimi nimemzaa huyu?"

Kicheko kikapita. Dada yako akaandika jina moja.

Ninyi wawili mligombana mara moja tu juu ya mpango huo. Ilikuwa asubuhi, umerudi na nusu kopo ya rangi ya bluu iliyobaki kwenye geti la shule.

"Nitachora duara kwenye mlango wa kila mmoja," ulisema. "Hata mgeni akija kuokoa, ataona. Duara maana yake humu ndani kuna asiyeweza kutoka mwenyewe."

Dada yako alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho. "Kaka, mtu si gunia la kupigwa muhuri."

"Si muhuri. Ni alama."

"Na mwizi akiiona hiyo alama?"

"Mwizi anatafuta televisheni, hatafuti bibi."

"Mwizi anatafuta mtu asiyeweza kumfukuza."

Ukasema, kwa sauti ya chini, "Boti ilipita pale mara mbili, mdogo wangu."

Naye akanyamaza. Hakukubali, alinyamaza tu, na mpaka leo anakumbuka kwamba alinyamaza. Duara la kwanza ulilichora kwenye mlango wetu wenyewe ili wengine wasione haya. Ulitumia sufuria ya mkeo kulizungushia. Ukingo wa sufuria hiyo bado ni wa bluu, na bado tunapikia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Hatutaandika nani alikuwa anapigana na nani, maana wanaolijua hilo wanalieleza kila mtu kwa namna yake. Tunaandika tulichokiona. Saa nane mchana moshi mweusi ulipanda kutoka sokoni. Watu wakaanza kupita mbio wameshika viatu mkononi, mmoja ametoka damu sikioni na hajui. Nyuma yao walikuja wanaume wenye nondo na mapanga, wakivunja maduka, kisha maduka yalipokwisha wakaanza nyumba.

Uligonga reli mara tatu. Wabebaji wakatoka. Na mpango wako ulifanya kazi, Cheche; tunataka hili lisomeke wazi kwa sababu lilisahauliwa upesi sana. Katika dakika kumi na nne, wanane kati ya wale kumi na mmoja walikuwa ndani ya ghala. Walibaki watatu: Mwalimu, ambaye mbebaji wake mmoja alikuwa amesafiri, Bibi wa Kona, na dada yako, namba kumi na moja, kwa kuwa mlikubaliana wa kwetu awe wa mwisho watu wasije wakasema.

Dada yako alikuwa dirishani. Alikuona unapita mbio kwenda kwa Mwalimu, mbele kabisa ya nyumba ya Bibi. Ulinyoosha kidole kwenye mlango wa Bibi ukapaza sauti, "Mwanawe yuko naye! Namchukua Mwalimu, nakuja kwako!"

Hivyo ndivyo daftari lilivyosema. Namba nne, mwanawe.

Mwalimu ametusimulia yaliyofuata. Mlikuwa mmekaribia ghala, wewe umeshika mabomba ya mbele, ndipo nyuma yenu mtu akapiga kelele kwa furaha, kama aliyegundua kitu: "Penye duara! Ingieni penye duara, hao hawakimbii!" Mwalimu, ambaye anasikia mpaka pumzi ya mtu, anasema ulitoa sauti kama uliyepigwa tumboni, na hakuna aliyekuwa amekugusa. Ulimweka chini polepole mbele ya mlango wa ghala. Ukasema, "Samahani, Mwalimu." Kisha akasikia viatu vyako vinarudi ulikotoka.

Mlango wetu ulipigwa mateke matatu. Kitasa chako hakikuachia. Fremu ndiyo iliyopasuka. Aliyeingia alikuwa na panga. Aliiona baiskeli ya magurudumu matatu, akamwona dada yako ameketi kwenye mkeka wake wa kazi, akacheka. "Kumbe duara halidanganyi," alisema. Akampita kama unavyokipita kiti, akainama kuibeba cherehani.

Pasi ya mkaa ilikuwa ya moto. Dada yako alikuwa ananyoosha sare za shule tangu asubuhi. Aliishika kwa mpini akaizungusha kwa nguvu zote za mikono iliyoendesha baiskeli ile miaka yote, ikampata mwanamume yule shavuni, kifuniko kikafunguka, na makaa yote yakamwagika shingoni na kuingia ndani ya shati. Nyama ililia kama iliyo kikaangoni. Yule mtu alipiga panga bila kuangalia. Likamkata dada yako mkono wa kushoto chini ya kiwiko mpaka mfupa ukaonekana, mweupe kama chaki. Kisha akatoka nje akijirarua shati, akilia kwa jina la mama yake.

Dada yako hakutuambia habari ya ule mlio mpaka mwezi wa sita. Anasema panga halimsumbui. Mlio wa nyama ndio unaorudi kila anapowasha pasi, na anajiuliza yule mtu analala upande gani siku hizi.

Alijikokota mpaka mlangoni. Ng'ambo ya barabara Bibi wa Kona alikuwa ameburutwa kwa mguu mmoja mpaka kizingitini, na godoro lake lilikuwa linachanwa ndani ya nyumba. Alikuwa amepigwa tayari. Nawe ulikuwa unafika.

Walikuwa wanne. Wa kwanza ulimpiga kifundo cha mkono kwa ile nyundo ndogo ya kubandulia magamba ya chuma kilichochomelewa, panga likaanguka. Wa pili alikupiga nondo ya taya, na taya likahamia upande mmoja wa uso. Hukuanguka. Ulipiga hatua mbili, ukamlalia Bibi kwa juu, ukashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, kulia na kushoto. Walikupiga mgongo, walikupiga kichwa. Walikupiga kwa zamu kama watu wanaotwanga. Mtu akipigwa kichwani mikono huenda kichwani yenyewe; yako haikwenda. Ilibaki kwenye fremu. Daktari alisema vidole vyako vilikuwa na rangi ya bluu chini ya kucha, kutoka kwenye ule mlango.

Dada yako alitambaa kwa mkono mmoja kupitia mlango wa katikati mpaka karakanani. Na hapo, Cheche, ndipo lilipoonekana kosa lako la pili. Reli uliitundika kwa kimo cha mtu anayesimama. Miezi yote ile ya mazoezi, kati ya wote waliohusika na watu wasiosimama, hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo. Alilala chali kwenye vumbi la chuma, akavuta bomba la kiti ulilokuwa hujalichomelea, akaipiga reli kutoka chini. Mara tatu. Mara tatu. Damu ya mkono uliokatwa ilikuwa inamdondokea machoni. Mara tatu tena.

Wabebaji walisikia, wakatoka ghalani wote wameshika mabomba ya viti, weupe kwa saruji kutoka nywele mpaka miguu. Wale wanne walipowaona wakakimbia. Hukufika hospitali. Bibi wa Kona aliishi siku tano.

Mwanawe hakuonekana siku hiyo yote.

Tulikuzika na watu walikuja, lakini hawakutuangalia usoni. Juma lile lile milango ilianza kusuguliwa kwa mchanga na mafuta ya taa. Jirani mmoja alilikwangua duara lake kwa shoka mpaka akatoboa ubao. Neno lilikuwa moja kila mahali, bombani na dukani: Cheche ndiye aliyewaonyesha njia. Binti zako walilisikia shuleni. Wengine walikwenda mbele zaidi wakasema ulikubaliana na wale watu, na kwamba mlikosana wakati wa kugawana.

Alhamisi iliyofuata maziko ya mama yake, muuza mkaa alikuja karakanani na nondo. Ilikuwa mchana kama siku ile. Hakubisha hodi. Alianza na viti. Alivipiga vile viti ulivyovipima kwa kiganja chako kimoja baada ya kingine, mabomba yakapinda, turubai zikachanika, na kila pigo alilitolea neno.

"Alimchorea! Mama yangu! Kaburi! Mlangoni!"

Mkeo alimshika mkono. Akamsukuma, mkeo akaangukia kwenye fuawe na unyusi ukapasuka. Binti zako walikuwa wanapiga mayowe chumba cha ndani. Dada yako alikuwa sakafuni, mkono umefungwa bendeji, na daftari alilikalia chini ya paja.

"Lete daftari," alisema muuza mkaa. Nondo ilikuwa juu. "Lete nilichome moto, na wewe nikuchome nalo."

"Wifi, msomee!" mkeo alilia pale chini, damu imemziba jicho. "Msomee namba nne! Msomee nani aliandikwa!"

"Anisomee nini?"

Dada yako alimwangalia. Anasema alikuwa na majivu ya mkaa kwenye mikunjo ya shingo. Ukurasa ulikuwa pale chini ya paja lake, na jina moja tu mbele ya jina la Bibi. Neno moja lingekuosha wewe mbele ya mtaa mzima.

"Hakuna cha kusoma," alisema. "Namba nne ni mama yako. Pole sana, kaka."

Muuza mkaa akapiga kiti cha mwisho, ambacho kilikuwa kimeshavunjika, akaondoka.

Mkeo hakumsemesha wifi yake wiki tatu. Alipofungua mdomo alifungua wote. "Jina la mume wangu linakanyagwa njiani, wanangu wanaitwa watoto wa msaliti, na wewe karatasi umeikalia! Kaka yako huyo au si kaka yako?"

"Kaka yangu," dada yako alisema. "Wifi, nikiisoma leo, yule ama atajiua, ama watamwua. Kaka hatarudi. Na mtaa utakuwa na mtu mmoja pungufu wa kubeba."

"Kubeba nani? Viti vimeisha! Mpango umekufa!"

"Haujafa. Umelala."

Mwezi wa saba aliomba watu wakutane ghalani. Walikuja wachache, wakakaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kuondoka. Dada yako hakukutetea. Alisema hivi: "Kaka yangu alikosea. Alichora milango ya wasioweza kukimbia. Nilijua ni kosa nikanyamaza, kwa hiyo nusu ni yangu. Alama haikupaswa kukaa kwa anayebebwa. Ikae kwa anayebeba. Atakayekuja na ubaya, akiona duara ajue humu ndani mna mtu mwenye mabega. Na atakayekuja kuokoa abishe hodi hapo, ataambiwa aende wapi."

"Na nani atakubali kuchorwa sasa hivi?" mtu aliuliza. "Watu wanaliogopa hilo duara kama ndui."

Mwalimu alijikohoza. "Mimi sioni," alisema, "lakini kama kuna aliyeinua mkono, aseme, maana nimechoka kusubiri."

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza humo tangu ulipoondoka. Aliyesema "mimi" wa kwanza alikuwa mkeo. Alisimama na kovu lake juu ya jicho, hakumwangalia wifi yake. "Nichoreni mimi. Sufuria ninayo."

Mpaka wiki iliyopita milango kumi na minne ilikuwa na duara. Viti tisa vimenyooshwa, na mjomba wako amejifunza kuchomelea, vibaya, lakini vinashika. Reli tumeishusha. Sasa inaning'inia kwenye kimo cha mtu aliyeketi sakafuni, na warefu ndio wanaoinama.

Palibaki pengo moja. Namba kumi na moja, dada yako, wabebaji wawili: mkeo, na wewe. Jina lako hakulifuta. Kila Jumamosi ya mazoezi mkeo aliubeba upande wake akisaidiwa na yeyote aliyekuwa karibu, na daftarini paliendelea kusomeka Cheche.

Jumamosi iliyopita, asubuhi, muuza mkaa alikuja. Safari hii alibisha hodi. Alisimama nje ya kizingiti, mikono nyuma.

"Dada, shikamoo."

"Shikamoo ya nini? Tumelingana. Sema."

Dada yako akarudi kwenye cherehani. Ndipo muuza mkaa akasema, "Niliisikia reli."

Cherehani ikasimama.

"Nilikuwa nyuma ya magunia, pale stoo. Niliisikia alipoigonga yeye. Nikasema ngoja wapite. Nikaisikia tena ulipoigonga wewe. Mama yangu alikuwa ananisubiri. Atakuwa aliwaambia mwanangu anakuja." Alijifuta uso, mkaa ukasambaa. "Namba nne ilikuwa mimi peke yangu."

"Najua," dada yako alisema. "Mwandiko ni wangu."

"Mwaka mzima unajua. Mbona hukusema?"

"Ungekuja lini hapa, kama ningesema?"

Mkeo alikuwa ametokea mlango wa katikati, ameshika kitambaa cha jikoni, na kila mmoja wetu aliyekuwepo alidhani atapiga kelele. Alimwangalia muuza mkaa muda mrefu. Kisha akarudi ndani, na tukasikia vyombo vinagongana.

"Kesho nitasimama ghalani niwaambie watu wote," muuza mkaa alisema. "Nitawaambia Cheche hakumwonyesha mtu njia. Nitawaambia nilikuwa wapi. Wakitaka kunipiga, wanipige. Ila leo nimekuja nichorwe. Nasikia una nafasi."

"Nafasi ya nani unajua?"

"Najua."

Dada yako alitazama ule mkono wake wa kushoto ambao haufungi ngumi tena. Ametuambia kwamba hakumsamehe pale, na kwamba hajui kama ameshamsamehe leo. Alichofanya ni kufungua daftari, akaandika jina chini ya lako, bila kulifuta lako.

"Mimi si mwepesi," alimwambia. "Ni zaidi ya nusu gunia."

Muuza mkaa alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepigwa, ameshika fremu ya mlango.

Mkeo akatoka na sufuria na kopo la rangi, akavitua miguuni pake kwa kishindo. "Kwako huko ukachore. Na sufuria yangu uirudishe imeoshwa."

Jumapili alisimama ghalani akasema yote, kwa sauti iliyosikika mpaka nje. Mmoja alimpiga kofi, na hakuinua mkono kujikinga. Wengine walitoka bila neno. Mwalimu alibaki, akamwambia asogee karibu, akampapasa mabega yote mawili, akasema, "Haya. Mguu wa kushoto kwanza."

Duara lake tumelipita leo asubuhi tukitoka kaburini kwako. Sufuria iliteleza mkononi, kwa hiyo limepinda kama yai. Dada yako alisimamisha baiskeli akalitazama. "Kaka angelifuta akalichora upya," alisema. Tukacheka wote, tukaliacha lilivyo.

Wanaokukumbuka kwa uchungu na kwa upendo ni mkeo; binti zako wawili, ambao hawainamishi tena vichwa njiani; dada yako, namba kumi na moja; mjomba wako, anayekuomba radhi kwa kila ungio analochomelea; Mwalimu; na wabebaji wote wa mtaa, kuanzia juzi wakiwa kumi na watano.

Daima tutakukumbuka, Cheche, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, reli ikilia, tutakukumbuka kwa mabega.